Zimwi Hakai Msituni: Hofu ya Wanawake katika Hadithi za Bukoba na Muleba

Mojawapo ya hadithi zinazojulikana sana katika nchi ya Wahaya, na ambayo kwa sura mbalimbali husimuliwa karibu kila mahali katika Afrika Mashariki, ni ile ya msichana aliyewakataa wachumba. Wasomaji wengi wamekwisha kuisikia, au wameisoma katika vitabu vya darasani ikiwa imefupishwa. Hata hivyo tunaomba ruhusa ya kuirudia hapa kama tulivyosimuliwa sisi tuliokulia kwenye vibanja vya Kamachumu, kwa sababu jambo tunalokusudia kulisema limo hasa katika vile vipengele ambavyo vitabu huviacha.

Palikuwa na msichana mzuri kupita wenziwe wote. Akaja mchumba wa kwanza, akasema huyu ana kovu. Akaja wa pili, akasema huyu ana magaga. Wa tatu meno yake yalikuwa yamepandana. Baba akakasirika, mama akanyamaza. Siku moja akatokea mgeni kutoka ng'ambo ya mto, hana kovu wala doa, ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa samli. Msichana akasema, ndiye. Hakuna aliyemwuliza mgeni yule ukoo wake ni upi wala mwiko wake ni nini, ingawa kwa Wahaya maswali hayo ndiyo ya kwanza katika uchumba. Basi wakaenda, na mdogo wake bi arusi, mtoto wa kiume mwenye upele ambaye hakuna aliyemtaka karibu, akawafuata nyuma kwa siri. Walipofika, mume akamwonyesha mkewe nyumba yote, akampa ruhusa ya kugusa kila kitu isipokuwa chungu kimoja kilichokuwa nyuma ya nguzo ya kati. Kwa siku kadhaa mke alifagia akikizunguka. Kisha akakifunua. Ndani mlikuwa na mkono wa mtu, na vikuku vilivyokuwa kwenye mkono ule vilikuwa sawasawa na vile alivyovishwa yeye siku ya arusi yake. Usiku ule yule mtoto mwenye upele ndiye aliyekesha macho, na ndiye aliyemtorosha dada yake. Wakafika kwao salama, na baba akamwoza binti yake kwa yule mchumba wa kwanza, mwenye kovu.

Vitabu vinaishia hapo. Bibi aliyetusimulia alikuwa na desturi ya kuongeza neno moja, kwamba msichana yule, hata baada ya kukaa miaka mingi na mwenye kovu na kumzalia watoto, hakufunua tena chungu chochote bila ya mkono wake kutetemeka.

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua swali linalofuata hadithi ya namna hii katika daftari la mwanafunzi: hadithi hii inatufundisha nini? Na anajua jibu linaloandikwa na darasa zima, tangu dawati la mbele mpaka la nyuma: inatufundisha kuwatii wazazi wetu na kutochagua mno. Jibu hilo hupata alama zote. Sisi hatusemi kwamba jibu hilo ni uongo. Bila shaka hadithi hii ilitumiwa kuwatia wasichana woga ili wakubali mume waliyechaguliwa. Lakini ikiwa hiyo ndiyo kazi yake pekee, kwa nini msimulizi ahangaike kutueleza habari za vikuku? Zimwi lingeweza kumla msichana njiani, na funzo la utii likabaki lile lile. Vikuku vinasema jambo jingine. Vinasema kwamba kabla ya bi arusi huyu palikuwa na mwingine, aliyevishwa kama yeye, aliyepigiwa vigelegele kama yeye, na hakuna aliyerudi kuuliza alikokwenda.

Ni lazima tukumbuke ni nani aliyesimulia na ni nani aliyesikiliza. Mara nyingi hadithi zilisimuliwa jioni ndani ya nyumba, watu wakiwa wamekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, na msimulizi aghalabu alikuwa mwanamke mtu mzima. Katika desturi ya Wahaya wasikilizaji humwambia msimulizi aone ili nao waone. Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi hizi Uhayani na kuzichapisha mwaka 1980, alilifanya neno hilo kuwa jina la kitabu chake, na tunadhani hakukosea. Kumwambia mtu aone ili nasi tuone ni kukiri kwamba yeye amekwisha kufika mahali ambapo sisi bado. Bibi aliyekuwa akisimulia habari ya nyumba yenye chungu kisichofunuliwa alikuwa amewahi kuletwa bi arusi katika nyumba ya watu asiowajua, akiwa amefunikwa, akakaa ndani akifichwa kwa kipindi kirefu kama ilivyokuwa ada, huku akijifunza kwa wakwe zake ni kipi kinaguswa na ni kipi hakiguswi. Alikuwa anajua anachosimulia. Wajukuu wa kike waliomzunguka walikuwa njiani kwenda huko huko.

Kwa maoni yetu, basi, hadithi hii ina ndimi mbili. Kwa ulimi mmoja inamwambia msichana: usitoke nje ya uzio. Kwa ulimi wa pili, uliofichwa ndani ya vipengele vya kutisha, inamwambia: jihadhari, maana zimwi hakai msituni, anakaa ndani ya nyumba, na atakuoa mchana kweupe, ndugu zako wakishangilia. Mambo haya mawili mwanamke hakuweza kuyasema pamoja mbele ya wanaume wa ukoo. Akayasema kwa hadithi.

Wala jambo hili si la Wahaya peke yao. Mwaka 1697 Charles Perrault wa Ufaransa alichapisha hadithi ya mume mwenye ndevu za buluu aliyemkabidhi mkewe funguo zote za nyumba akamkataza chumba kimoja tu, na ndani ya chumba kile mlikuwamo maiti za wake zake wa zamani. Perrault aliongeza mwishoni funzo kuhusu ubaya wa udadisi. Muuaji ana chumba kizima cha maiti, na anayeonywa ni mwanamke aliyefungua mlango! Hapo tunaona kwamba hata huko Ulaya mwandishi mwanamume aliichukua hadithi ya wanawake akaifungia kwa jibu lile lile la daftari la mwanafunzi.

Msomaji anaweza kuuliza kama tunazidisha, na kama maisha ya kweli yalikuwa na woga wa kiasi hicho. Tuanze na jambo dogo. Senene, ambao leo huuzwa Bukoba mjini na kuliwa na kila mtu, zamani walikuwa chakula cha wanaume. Wanawake ndio waliokwenda kuwakusanya, wakawanyonyoa mabawa, wakawakaanga, kisha wakawaandalia waume zao bila ya kuonja. Kwa majirani wa Buganda, waliokuwa na mwiko huo huo, ilisemwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha mdudu. Hiyo nayo ni hadithi ya kutisha, ila ni fupi sana, na askari wake hulala ndani ya tumbo la mwanamke mwenyewe. Haihitaji mlinzi mlangoni. Jambo kubwa zaidi ni lile la msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Huyo alihesabiwa kuwa ameleta maafa juu ya ukoo mzima, akafukuzwa kwao, na wala hakuna aliyemwuliza nani mwenzake.

Uzio huu ulikuwa wa ardhi pia. Hans Cory na Hartnoll, waliokusanya sheria za mila za Wahaya katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, waliandika jambo ambalo kila mzee wa Ihangiro angeweza kuwaeleza: mwanamke aweza kutumia kibanja cha ukoo maadamu yu hai, lakini hawezi kukiuza. Kibanja ndicho chakula, ndicho makaburi ya wazee, ndicho jina la mtu. Asiyeweza kuwa na kibanja ni mgeni kila mahali, kwa baba yake na kwa mumewe.

Wako wanawake waliouvuka uzio huo kwa meli. Katika miaka ya 1930 wanawake wengi wa Kihaya walipanda meli za ziwani kwenda Kampala na Nairobi. Wengine walikuwa wamekimbia ndoa, wengine walikuwa wameachwa, na wengi waliishi huko kwa kuuza miili yao. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake hao wa Nairobi, alionyesha kwamba fedha zao hazikupotea ovyo kama ilivyodhaniwa. Nyingi zilirudi Uhayani kuwasaidia wazazi na kununua mashamba. Hata hivyo watawala wa jadi na viongozi wa umoja wa Wahaya waliona aibu, wakafanya juhudi za kuwazuia wanawake wasipande meli na kuwarudisha waliokwisha kuondoka. Inafaa kuangalia jambo hili kwa makini: bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, nyumba nyingi zilikuwa na madeni, na mahari yalikuwa magumu kurudishwa, lakini kilichojadiliwa barazani kilikuwa ni miguu ya wanawake.

Na huko mjini walikokwenda, hadithi ya kutisha iliwafuata ikiwa imebadilisha nguo. Pumwani, mtaa wa Nairobi walipopanga vyumba wanawake wa makabila mengi, zilienea habari za wazimamoto, yaani watu wa zimamoto waliosemwa kuwa wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Watu wa pwani walikuwa wakisimulia jambo kama hilo kwa jina la mumiani. White aliandika kitabu kingine juu ya habari hizi, kilichotoka mwaka 2000, na hakujishughulisha kuuliza kama zilikuwa za kweli. Aliuliza zilikuwa zinasema nini. Mwanamke aliyekaa peke yake chumbani, asiye na mume wala kaka wa kumtetea, anayefanya kazi usiku na kufungulia mlango wageni, alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kubisha hodi kwaweza kuwa kwa namna mbili. Zimwi la ng'ambo ya mto lilikuwa sasa limevaa sare ya serikali.

Sasa turudi nyumbani, Muleba, kwa tukio ambalo si hadithi hata kidogo, ingawa dunia imelifanya hadithi. Tarehe 30 Januari, 1962, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Tanganyika ilikuwa na Uhuru wa wiki saba tu. Kicheko kikaenea. Kati ya wanafunzi 159 walishikwa 95, wote wakiwa wasichana wa umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hakushikwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa kwao, na ugonjwa ukaenda pamoja nao. Huko Nshamba walishikwa watu 217 katika miezi ya Aprili na Mei. Mwezi Juni ukafika Ramashenye, shule ya kati ya wasichana karibu na Bukoba, ukawashika 48 kati ya 154. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta sumu na vijidudu. Hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Katika taarifa yao ya mwaka 1963 waliueleza ugonjwa huo kuwa ni wa fadhaa ya pamoja.

Tangu wakati huo habari ya Kashasha imekuwa ikisimuliwa katika nchi za nje kama kichekesho: kijiji cha Afrika kilichocheka mpaka shule zikafungwa. Mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann aliandika mwaka 2007 kuonyesha kwamba simulizi hiyo ni ya upotofu, na kwamba kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake. Naye alisema kweli. Maana ukiisoma taarifa ya madaktari utaona jambo ambalo wasimulizi wa kichekesho hawalitaji. Wasichana walicheka na kulia kwa zamu, kwa saa kadhaa au kwa siku nyingi, mmoja wao hata siku 16. Walihangaika, wakapigana na aliyejaribu kuwashika. Wengine walisema kuna vitu vinavyotembea ndani ya vichwa vyao. Wengine walisema wanaogopa kwa sababu kuna mtu anawakimbiza.

Kuna mtu anawakimbiza. Sisi hatuwezi kuwapima wasichana wale leo, wala hatutaki kudai kwamba tunajua kilichowapata kuliko madaktari waliowaona. Lakini mtu aliyelelewa kwa hadithi za Uhayani hawezi kuyasoma maneno hayo bila ya kumkumbuka msichana wa ng'ambo ya mto, usiku ule, akisikia nyasi zikilia nyuma yake. Wasichana wa Kashasha walikuwa katikati ya nyuzio mbili. Nyumbani walikuwa chini ya ukoo, mahari na shangazi. Shuleni walikuwa chini ya kengele, mlango wa bweni na masharti ya kimisheni. Walikuwa wameambiwa kwamba nchi ni huru na kwamba wao ndio taifa la kesho. Hakuna aliyewauliza wanaogopa nini. Basi hofu, kwa kukosa maneno, ikatoka kwa kinywa kama kicheko, na watu wakakumbuka kicheko wakaisahau hofu. Hilo ndilo linalofanywa kila siku kwa ile hadithi ya chungu: funzo linakumbukwa, mkono wenye vikuku unasahauliwa.

Miaka 9 baadaye, kutoka Ukerewe, ng'ambo ya maji upande wa mashariki, Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, mwaka 1971. Humo hakuna zimwi wala chungu. Kuna baba anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti anayeondoka kwao akiwa amejaa woga hata hajui kusema ndiyo wala hapana. Mwisho wake ni kujiua, baada ya mchumba kumkataa kwa kuwa si bikira. Riwaya hii iliwatisha watu, nayo ikakatazwa mashuleni kwa muda. Wapo waliosema ilikatazwa kwa sababu ya matusi. Sisi tunaona kwamba hadithi za bibi zina mambo mabaya zaidi ya hayo: zina nyama za watu chunguni. Tofauti ni kwamba Kezilahabi alimvua zimwi ngozi yake, na chini yake tukamwona Zakaria, baba wa familia, mtu tunayemjua. Kwa hiyo kitabu kikafunikwa, kama chungu.

Tunafika mwaka 1988, na jina lile lile la Kashasha. Katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, Wilaya ya Muleba, lilifunguliwa shauri la Bi Holaria Pastory. Mwanamke huyu alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona uzee unamwelemea na hakuna wa kumtunza, aliliuza shamba hilo mwezi Agosti kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku moja tu baadaye mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alikuwa mahakamani akidai kwamba uuzaji ni batili, kwa kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya wilaya ikakataa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba sheria ya mila inayomnyima mwanamke uwezo aliopewa mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya nchi mwaka 1984. Tangu hapo, alisema, mwanamke na mwanamume wa Kihaya wako sawa katika kuuza ardhi ya ukoo. Uuzaji ukathibitishwa.

Tunapenda walimu wa sekondari walisome shauri hili pamoja na hadithi ya chungu, katika juma moja, na wanafunzi wale wale. Lile swali la hadithi inafundisha nini liwekwe kando kwanza. Wanafunzi waulizwe ni nani aliyekuwa akiisimulia, mbele ya nani, na ni jambo gani asingeweza kulisema kwa njia nyingine. Wasichana waachwe waseme kabla ya wavulana. Tumelijaribu jambo hili katika darasa moja la kidato cha tatu, Bukoba. Kwa dakika nyingi hakuna aliyenyosha mkono. Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza kama yule mwenye vikuku, wa ndani ya chungu, alikuwa na jina, na kwa nini bibi hakulitaja.